Uzoefu wangu: Mamluki tisa wa Bwana Burns

Katika mastaa tisa wa besiboli walioingiza sauti zao kwenye sehemu hii ya katuni ya The Simpsons, kabla sijaitazama nilikuwa nikimjua mmoja tu, na huyo mmoja nilimjua kwa viatu. Ken Griffey Jr. alikuwa na raba zake za Nike, na raba hizo nilizikuta kwenye mitumba Dar miaka mingi kabla sijajua mwenyewe anacheza mchezo gani. Wale wanane wengine ungeniambia ni wabunge wa Ohio, ningekubali. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue maksi zinatolewa na nani: besiboli siijui, sikukulia nayo, na hata leo sheria zake nazishika nusu nusu. Na bado hii ndiyo sehemu ya The Simpsons iliyonivunja mbavu kuliko zote nilizowahi kuona.

Inaitwa "Homer at the Bat", ya 17 katika msimu wa tatu. Fox waliirusha mara ya kwanza tarehe 20 Februari 1992. Mwandishi ni John Swartzwelder, mwongozaji Jim Reardon. Haifiki nusu saa. Nimeitazama kwenye Disney+, sebuleni kwa dada yangu huku Marekani, pembeni nikiwa na mpwa wangu anayecheza besiboli shuleni kwao. Bila yeye utani mwingi ungenipita juu ya kichwa.

Kisa chenyewe: Homer, baba wa familia ya Simpson, na wenzake wa kinu cha nyuklia cha Springfield wana timu ya softiboli, ndugu wa besiboli, ambayo kazi yake ni kufungwa. Msimu huu Homer kajichongea rungu kutokana na tawi lililoangushwa na radi, na kila akilizungusha, mpira haurudi. Timu inashinda, inashinda tena, inafika fainali dhidi ya kinu cha mji jirani, Shelbyville. Hapo ndipo bosi wao, Bwana Burns, anapowekeana dau la dola milioni moja na mwenye kinu cha Shelbyville, Aristotle Amadopoulos. Burns naye si mtu wa kuacha milioni yake mikononi mwa kina Homer. Anaamua kuleta mamluki.

Yeyote aliyewahi kucheza mechi za kazini kule kwetu, idara kwa idara, shirika kwa shirika, ameshajua kinachofuata. Fainali ikikaribia, kwenye orodha ya wahasibu anatokea kijana ambaye hakuna aliyewahi kumwona ofisini, hajui hata chai inanywewa wapi, ila krosi zake zinafika. Kitambulisho chake bado kina joto la mashine. Mhasibu wa kweli, aliyekuwa akifanya mazoezi kila jioni baada ya kazi, anaambiwa abebe maji. Kwenye ndondo za mitaani ndiyo usiseme. Mtaa ukiwa na mfadhili, mchezaji wa Ligi Kuu anashuka kwa mechi moja na kuondoka na bahasha. Kwa hiyo Burns alipotamka tu kwamba atawaajiri wataalamu kinuni kwake, mmoja awe hivi na mwingine awe vile, ili ionekane ni wafanyakazi halali, mimi nilishaingia kwenye hadithi kwa miguu yote miwili. Sikuhitaji tena kujua besiboli.

Utani wa kwanza uliomhitaji mpwa wangu ni ule wa orodha. Burns anamkabidhi msaidizi wake Smithers kikosi anachokitaka, na majina yote ni ya marehemu. Ni watu kama Honus Wagner na Cap Anson, wachezaji wa enzi za babu wa babu. Smithers, kwa ile adabu yake ya kumwogopa bosi, anamweleza kwamba wote wamefariki, na kwamba yule wa kucheza nyuma upande wa kulia ana miaka 130 kaburini. Mpwa wangu alisimamisha picha anieleze Wagner ni nani. Nikamwambia aendelee tu, nimeshaelewa: mzee anapanga kikosi kwa kumbukumbu.

Smithers anatumwa nchi nzima kutafuta walio hai, na wanakuja: Roger Clemens, Wade Boggs, Griffey, Steve Sax, Ozzie Smith, Jose Canseco, Don Mattingly, Mike Scioscia na Darryl Strawberry. Wote tisa ni sauti zao wenyewe. Hawakukusanywa pamoja siku moja; kila mmoja alirekodiwa kwa wakati wake, wengi wao timu zao zilipofika Los Angeles kwa mechi. Ukilijua hilo unashangaa zaidi jinsi sehemu nzima ilivyoshikana.

Kuna mazungumzo mafupi kati ya Homer na Strawberry ambayo nimeyarudia mara nyingi. Homer anamsogelea na kuhakikisha kwamba huyu ndiye Darryl Strawberry. Ndiye. Unacheza nyuma upande wa kulia? Ndiyo. Homer anamwambia na yeye anacheza hapo hapo. Strawberry anamuuliza, kwa hiyo? Ndipo Homer anauliza swali ambalo kila mwenye akili asingeliuliza: je, wewe ni bora kuliko mimi? Strawberry anajibu kwa upole kabisa kwamba hajawahi kukutana naye, lakini ndiyo. Hakuna dharau katika sauti, hakuna mbwembwe. Ni ukweli tu, na ndiyo maana unauma. Strawberry si mwigizaji, na hapa kutokuwa mwigizaji kunamsaidia; mwigizaji angeliongezea chumvi jibu lile na kuliharibu.

Sasa, kinachoifanya sehemu hii iwe juu ya nyingine nyingi zenye wageni maarufu ni namna inavyowatendea wageni wake. Katika katuni hii ya miaka ya baadaye, na katika vipindi vingi vya kuchekesha vya kila nchi, staa akialikwa anapigiwa magoti. Anaingia, wote wanataja jina lake kwa mshangao, anatabasamu, anatangaza anachokiuza, anaondoka. Hapa Swartzwelder kafanya kinyume. Kawaita mastaa tisa kisha kawaangamiza wanane kati yao mmoja baada ya mwingine usiku wa kuamkia fainali, kila mtu kwa ajali yake, na hakuna ajali inayofanana na nyingine.

Scioscia amekuwa akitamani kazi ya mikono kinuni, anafanya kweli kwa bidii, mionzi inampata, anaishia kitandani hospitali akishindwa kuinua mkono na kuongea neno moja moja. Griffey anapewa dawa ya kuimarisha mishipa na ubongo, anaipenda mno, kichwa kinavimba kupita kiasi. Clemens anapewa mtaalamu wa kulaza watu akili ili ajiamini, akiamka ni kuku. Anatetea, na kutetea kule ni kwake mwenyewe, si kwa mwigizaji mwingine. Ozzie Smith anakwenda kutalii kwenye shimo la miujiza la Springfield, anadumbukia katika ulimwengu mwingine na kupotelea huko. Canseco anamwokoa mtoto kwenye nyumba inayoungua, halafu mama mwenye nyumba anaanza kumtuma arudi ndani kwa ajili ya vyombo, na yeye kwa heshima hawezi kukataa. (Huyu nimemhurumia kweli. Nani hajawahi kwenda msibani kusalimia tu akajikuta anahamisha makabati?) Boggs anakunywa baa kwa Moe, anabishana na mlevi Barney kuhusu Waziri Mkuu bora wa Uingereza, yeye akimtetea Pitt Mzee na Barney akisimama na Lord Palmerston, hadi Barney anamaliza hoja kwa ngumi. Mpwa wangu hakumjua Pitt wala Palmerston, na hapo kwa mara ya kwanza nikawa mwalimu mimi.

Steve Sax anasimamishwa na polisi barabarani na kubambikiwa mauaji ya New York ambayo hayajapata mhusika. Mwaka 1992 nadhani watu walicheka bila kufikiri. Mimi nilicheka, lakini nikakaa vizuri kwenye kochi.

Wa Mattingly ndio niliompenda kuliko wote. Burns anamwamuru anyoe ndevu za mashavuni. Mattingly anazitafuta usoni, hazioni, ila kwa kuwa bosi kasema, ananyoa nywele zote za pembeni ya kichwa. Burns akimwona tena anamfukuza kwa ndevu zile zile ambazo hazipo. Mattingly anaondoka akijisemea kwamba hata hivyo anampenda huyu kuliko Steinbrenner. George Steinbrenner alikuwa mwenye timu yake ya kweli, New York Yankees. Na hapa kuna jambo ambalo nilidhani mpwa wangu ananitania: Agosti 1991 Yankees kweli walimweka Mattingly benchi kwa kukataa kukata nywele. Ila utani huu haukutoka huko. Yeye alikuwa ameshaurekodi kabla ya ule ugomvi. Waandishi walibuni bosi wa kijinga, na bosi wa kijinga akatokea.

Fainali inabaki na staa mmoja tu mzima, Strawberry, na ndiye anayecheza nafasi ya Homer. Wafanyakazi wengine wamerudishwa uwanjani kwa sababu mamluki wameisha, isipokuwa Homer, ambaye yuko benchi. Bart na Lisa, watoto wa Homer, jukwaani wanamwimbia Strawberry jina lake kwa kuvuta, kumkera, hadi chozi linamdondoka. Mwisho kabisa, matokeo sare, vituo vyote vitatu vina watu, zamu ya Strawberry kupiga. Siku hiyo tayari kapeleka mipira tisa nje ya uwanja. Burns anamtoa, anamwingiza Homer.

Mimi nilirukia hapo kwamba hili ni tusi, kocha gani huyu. Mpwa wangu akasema, "Hapana mjomba, kwa vitabu kocha yuko sawa." Strawberry anapiga kwa kushoto, na mrushaji wa Shelbyville naye anarusha kwa kushoto, mpigaji wa kushoto humwona vibaya mrushaji wa kushoto, kwa hiyo makocha humleta wa kulia. Homer ni wa kulia. Yaani Burns anafuata takwimu sahihi na kufikia uamuzi wa kichaa. Utani ule umejengwa juu ya kanuni ya kweli ya mchezo, na ukishaielewa unacheka mara ya pili kwa sababu tofauti. Halafu inafanya kazi, kwa namna ya Homer: mpira unampiga kichwani, anazimia, sheria inampa kituo, aliye kituo cha tatu anasogezwa nyumbani na kuipatia timu pointi, timu inabeba ubingwa. Shujaa anabebwa juu juu akiwa hajitambui.

Kwa rekodi, usiku ule katuni hii ilivuta watazamaji wengi kuliko kipindi cha ucheshi cha The Cosby Show, mara ya kwanza sehemu yake mpya kuishinda sehemu mpya ya Cosby. Na mwaka 2017, sehemu hii ilipotimiza miaka 25, jumba la kumbukumbu za besiboli kule Cooperstown, New York, lilimpa Homer sherehe na kibao chake, Boggs na Ozzie Smith wakiwapo. Katika wale tisa, walioingizwa humo kwa haki ya uwanjani ni watatu tu: hao wawili na Griffey. Clemens, pamoja na tuzo zake saba za mrushaji bora, bado yuko nje, kwa tuhuma za dawa za kuongeza nguvu. Canseco aliandika kitabu kizima mwaka 2005 akikiri kuzitumia. Ukirudi baada ya kujua hayo kumtazama Griffey akibugia dawa ya chupa, na ndiye pekee kati yake, Clemens na Canseco ambaye hakuguswa na kashfa, unaona bahati mbaya ilivyo na ucheshi wake.

Lawama ninazo. Marge, mke wa Homer, hana la kufanya humu zaidi ya kukaa jukwaani. Wimbo wa kufungia, wa Terry Cashman, ni mzaha juu ya wimbo wake mwenyewe wa besiboli ambao sisi hatuujui, kwa hiyo kwa mgeni ni orodha ya majina tu, ingawa mpwa wangu aliuimba wote. Na dakika za mwanzo, kabla Burns hajaweka dau, zinachechemea kidogo.

Ushauri mmoja kwa mtakaoitazama kwenye Disney+: ingieni kwenye maelezo ya kipindi mzime ule mpangilio wa picha pana. Katuni za miaka ile zilichorwa kwa skrini iliyokaribia mraba. Zikipanuliwa, juu na chini hukatwa, na The Simpsons huficha utani mwingi kwenye mabango na kuta. Chaguo hilo liliongezwa mwaka 2020. Na washeni maandishi ya Kiingereza, kwa sababu Canseco na wenzake hawana matamshi ya redioni.

Nyota nne na nusu. Kisha ruka hadi mwaka 2010, sehemu iitwayo "MoneyBART", umkute Scioscia tena, safari hii kocha, akidai kwamba ile mionzi ya kinuni ndiyo iliyompa kipaji cha kufundisha.