Karavani au nyumba ya kabini kwa kuishi Mtwara, nimekaa zote

Wanaokuja huku kwenye kazi za gesi Madimba na Msimbati wananiuliza sana, nichukue karavani au ile kabini inayoletwa na lori ikiwa imeshakamilika?

Karavani ni zuri kweli kwa mtu anayehamahama site, unalifunga nyuma ya Land Cruiser asubuhi, mchana ushafika Kilwa. Ila kwa kuishi hapana jamani. Lile joto la mwezi wa 11 na wa 12 kabla mvua haijakolea, ukuta wenyewe mwembamba, umeme ukikatika usiku unaamka shuka limelowa. Friji lake la gesi linataka likae sawasawa na hewa ipite nyuma, joto likizidi linashindwa, samaki wa jioni asubuhi wa kutupa. Choo ndo usiseme, kile kikasha cha chini kinachopokea uchafu kinabeba lita kama 20 tu, mkiwa wawili mnamwaga kila baada ya siku chache, sasa unamwaga wapi kama mwenye kiwanja hana shimo? Na mengi ya mtumba fremu yake ni mbao, maji yakipenya kwenye maungio ya paa inaoza ndani kwa ndani na nje huoni kitu. Kabla hujatoa hela bonyeza kuta za ndani kwenye pembe kwa dole gumba, pakibonyea achana nalo hata kama rangi inang'aa.

Mwenye mkataba wa mwaka na kuendelea achukue kabini, hapo sibishani. Unaunga simtank, choo kinaenda shimoni kama nyumba yoyote, LUKU yako mwenyewe, unapika bila kugonga kiwiko ukutani. Hata Marekani nyumba za namna hii zina viwango vya serikali toka 1976 maana watu wanaishi humo miaka yote, trela la safari halikutengenezewa kazi hiyo.

Shida yake ni chumvi ya bahari, kutu inaanzia kwenye skrubu na chuma za chini, piga redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mapema kabla kabini haijakaa chini. Halafu upepo. Vimbunga vya Kenneth ya 2019 na Hidaya ya 2024 vilitutia roho juu huku kusini, lakini fundi aliyeniletea yangu aliiweka juu ya tofali tupu akaondoka, ikabidi nilipe upya kumwaga zege na kuchomelea vyuma vya kuishikilia. Hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla ya advansi.

Na juu yake pigeni paa la makuti, acheni nafasi hewa ipite katikati, mimi mchana AC siwashi kabisa.