Tahadhari kwa Wanaonunua Nyumba ya Kwanza: Muhtasari wa Kikao cha Ukoo Hauuzi Nyumba

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba ya kwanza Dar es Salaam, hasa ninyi mnaotembezwa na madalali pande za Kivule na Chanika, kuna mtu anauza nyumba ya marehemu baba yake bila kuwa na mamlaka, na hadi leo tumekwisha kujuana watu watatu tuliompa fedha kwa nyumba hiyo hiyo moja. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri liko polisi. Nitaeleza namna anavyofanya, ili ukikutana naye, au na mwingine wa aina yake, umtambue kabla hujatoa hata shilingi.

Nyumba iko Kivule: vyumba vitatu, sebule, ukuta kuzunguka na kisima uani. Bei ilikuwa milioni 46, nafuu kwa nyumba ya namna ile, lakini si nafuu ya kumshtua mtu. Muuzaji ni kijana mtaratibu, aliyenifungulia kila chumba kwa funguo zake mwenyewe, akanieleza kwamba baba yao amefariki na ukoo umemteua yeye kusimamia mirathi. Kisha akatoa bahasha ya kaki yenye nakala ya cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, kurasa mbili zilizochapwa vizuri, wajumbe tisa wakiwa wamesaini au kupiga dole gumba, na muhuri wa wino wa zambarau chini. Nilipoulizia barua ya mahakama, alijibu kwamba itatoka wiki inayofuata, lakini kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi, kwa hiyo nitoe kishika uchumba cha milioni 9 ili nyumba isipotee. Nilitoa. Sehemu ilikuwa mkopo wa SACCOS, na iliyobaki ilikuwa akiba ya miaka sita, yangu na mke wangu.

Kulikuwa na jambo nililoliona kwa macho yangu nikalipuuza. Kando ya geti, kipande cha ukuta chenye upana wa mlango kilikuwa kimepakwa chokaa upya, ilhali ukuta wote uliobaki umefifia na kuota ukungu. Niliporudi wiki mbili baadaye, mvua kubwa ilikuwa imenyesha na chokaa imelowa, na chini yake yalionekana maandishi mekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mjane wa marehemu ndiye aliyeyaandikisha kabla hajasafiri kwenda kijijini kumuuguza dada yake. Jirani anayekaanga mandazi mbele ya nyumba hiyo alinieleza habari yote kwa muda usiozidi dakika tano, na angenieleza siku ya kwanza kama ningemsalimu na kumuuliza nikiwa peke yangu, bila dalali.

Naomba mlielewe vizuri suala la mirathi, kwa maana hapa ndipo wengi tunapokamatwa. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni pendekezo tu la jina linalopelekwa mahakamani. Mahakama ndiyo inayotangaza maombi, kusubiri mwenye pingamizi ajitokeze, na kumteua msimamizi, na kabla ya uteuzi huo hakuna mtoto, mjane wala baba mdogo mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Kwa hiyo dai barua ya usimamizi wa mirathi, andika namba ya shauri, kisha nenda wewe mwenyewe kwenye masijala ya mahakama husika uulize kama uteuzi huo ni wa kweli na kama hauna pingamizi. Hata akiwa ameteuliwa, kaa na warithi wote, mmoja mmoja ikibidi, kwa sababu sheria ya ukomo inampa anayedai ardhi miaka 12 ya kufungua shauri, na huo ni muda mrefu mno wa kulala ukiwa na hofu ndani ya nyumba uliyoilipia.

Ikiwa nyumba ina hati miliki, chukua namba ya hati, kiwanja na kitalu, uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa kishika uchumba. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, na kama kuna rehani au zuio. Palipo na msimamizi wa mirathi, jina lake kama msimamizi linapaswa kuwa limekwisha kuingizwa kwenye daftari hilo. Mahali pasipopimwa hakuna daftari la hati la kupekua. Hapo nenda ofisi ya Serikali ya Mtaa saa za kazi, umkute mwenyekiti mezani kwake. Mimi niliridhika na mtu aliyeletwa nyumbani akatambulishwa kuwa mjumbe wa shina, kumbe ni mpangaji wa mtaa wa pili. Mwenye nyumba akiwa hai na ana ndoa, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wake, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mwone mwenzi huyo ana kwa ana. Fedha zipite benki, kwa jina lililo kwenye nyaraka.

Nilipokwenda polisi peke yangu niliambiwa kwamba hilo ni suala la madai. Tulipokwenda watatu, tukiwa na mikataba mitatu ya nyumba moja yenye tarehe tofauti, jalada lilifunguliwa kwa kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Kama nawe ulimlipa mtu huyu, peleka mkataba wako na stakabadhi ya malipo kituo cha polisi, uchukue namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, kwa sababu kila mkataba unaoongezeka unaonyesha kwamba hakupitiwa, bali alikusudia. Mjane amekwisha kurejea na yuko tayari kutoa ushahidi kwamba hakuhudhuria kikao kile, na kwamba dole gumba lililopigwa mbele ya jina lake si lake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na siku zote amesaini kwa kalamu.