Fundi wa Vespa wa Mwanakwerekwe: nilimpelekea gia ya pili inayochomoka

Kama una Vespa ya gia za mkono na mtu kishakwambia giaboksi imekufa, usitoe hela ya spea bado. Ipeleke kwanza kwa fundi mmoja mtu mzima mwenye karakana ya mabati upande wa Mwanakwerekwe, hapa Zanzibar. Hana kibao, hana ukurasa, na jina lake aliniomba nisiliandike. Kazi aliyonayo, anasema, inamtosha. Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu nitakazozieleza.

Chombo changu ni Vespa PX 150 E ya miaka ya 80, nimeachiwa na mjomba. Nafundisha skuli, na Vespa ndiyo miguu yangu: asubuhi skuli, mchana sokoni, jioni madrasa kuwachukua watoto. Ilianza kunitia aibu kwenye mzunguko wa Michenzani. Nikiwa gia ya pili, nikikoleza moto tu, "kah!", mkono wa gia unashtuka kiganjani, injini inapiga kelele bure na chombo hakiendi. Narudisha, inashika kidogo, inachomoka tena. Gia ya tatu na ya nne hazikuwa na neno.

Fundi wa kwanza (si huyu, na si wa mtaa huo) alisikiliza kwa mbali, akasema pleti za klachi. Zikabadilishwa. Ubovu ukabaki palepale, na mimi nikabaki na pleti mpya ambazo sikuzihitaji.

Tofauti ya huyu wa Mwanakwerekwe niliiona kabla hajashika spana. Aliuliza. Inachomoka gia gani? Ikiwa baridi au ikishapata moto? Ukikoleza au ukiachia? Ukisimama na klachi umeibana, chombo kinataka kwenda chenyewe? Nilipojibu yote, ndipo akaeleza kwa nini klachi haikuwa mshitakiwa. Klachi inayoteleza haibagui gia. Tena utaijua zaidi kwenye gia kubwa, ukiwa na abiria au unapanda mlima: mlio unapanda, mwendo haupandi, lakini gia yenyewe imekaa. Na klachi isiyoachia vizuri ndiyo ile inayosaga meno ukitia gia ya kwanza na kukusukuma mbele hali umeibana. Gia moja tu inayochomoka kwa kishindo ni habari nyingine. Na haya yote alinieleza mimi mwenye chombo. Nimeshazoea mafundi wanaotafuta mwanamume wa kuzungumza naye juu ya kichwa changu, kwa hiyo hili nalitaja makusudi.

Kutafuta ubovu anatoza shilingi elfu kumi, na ukimpa kazi anaikata kwenye hesabu. Alianza na oili. Aliimwaga kwenye beseni jeupe, akainusa, akaisugua baina ya vidole. Oili ya giaboksi ikinuka petroli, au ikipungua huku eksozi inatoa moshi mweupe mwingi, sili (mpira wa kuzuia oili) ya krenki upande wa klachi imekufa na injini inainywa. Ikiwa kama maziwa, maji yameingia. Unga laini wa kijivu haumtishi. Vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole ndivyo anavyovitafuta. Vyangu vilikuwepo, vidogo, viwili vitatu. Akavifunga kwenye karatasi, akanikabidhi.

Wengi hapo wangeshusha injini. Yeye akalala chini na kwenda kwenye nyaya. PX ina nyaya mbili za gia zinazotoka kwenye mkono wa kushoto hadi kwenye kiboksi cha gia ubavuni mwa injini, mmoja unavuta kupandisha na mwingine kushusha. Zikilegea, mkono unasoma "2" lakini kule chini gia imeishia nusu ya safari. Alikishika kikono cha kile kiboksi kwa mkono wake mwenyewe huku mimi nazungusha tairi, tukaihesabu mibofyo: kwanza, frii (pasipo gia), pili, tatu, nne. Kila kituo unaisikia ikikaa. Nyaya zangu kweli zilikuwa zimelegea. Akazikaza, akanipa chombo nikazunguke. Akasema ikipona hapa, utanilipa elfu kumi yangu na soda.

Haikupona. Ilipungua, lakini nikikoleza sana inachomoka. Ndipo akasema sasa tuna haki ya kuifungua.

Kushusha injini ya Vespa ni kazi ndogo kuliko inavyodhaniwa: eksozi, kabureta, nyaya, waya za umeme, breki ya nyuma, bolti ya shokapu na ile bolti ndefu inayoishikilia kwenye bodi. Kazi ni kuipasua. Alikuwa na kifaa cha kuvulia flaiwili na spana maalumu yenye meno ya nati ya klachi, vyote vimefungwa kwenye kitambaa. Nati yangu ilikuwa imejaa makovu ya tindo na nyundo, kazi ya mikono iliyotangulia. Aliigeuza, akaitazama, akatikisa kichwa tu.

Nikaelewa siku hiyo kitu nilichokiendesha miaka yote. Vespa haina mnyororo. Tairi la nyuma limekaa moja kwa moja kwenye shafti ya giaboksi, na juu ya shafti hiyo magurudumu manne ya gia yanazunguka bila kushikwa, muda wote yakiwa yameumana na wenzao wa upande wa pili. Ndani ya shafti kuna kipande cha chuma chenye mikono minne kinachosogea mbele na nyuma. Gurudumu kitakaloliingilia ndilo linalofungwa na shafti, na hiyo ndiyo gia uliyonayo. Kwa hiyo mzigo wote, wewe na gunia la mchele na mtoto nyuma, unabebwa na kona za ile mikono minne. Zangu zilikuwa zimelika kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Kona inayotakiwa kuwa kali ikiwa mviringo, mzigo ukija inasukumwa nje, na hicho ndicho kile "kah!" cha Michenzani.

Mimi ningedhani unabadilisha kipande hicho basi. Alilitoa gurudumu la gia ya pili akanionyesha nafasi zake za ndani, nazo zimelika vilevile. Ukitia mikono mipya kwenye gurudumu bovu, anasema, unalipia kazi hii mara mbili. Kisha akapima uchezaji wa magurudumu kwenye shafti kwa zile bapa nyembamba za kupimia. Kipimo kinatakiwa kiwe kati ya milimita 0.15 na 0.40, changu kilipita 0.50. Hilo linatibiwa kwa washa (pete bapa ya chuma) nene zaidi, zinauzwa kwa hatua za unene, milimita 2.15, 2.30 na kuendelea. Washa ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika injini ile, na hakuna fundi mwingine aliyewahi kunitajia.

Kwenye spea kuwa macho. Mikono ile minne ipo ya aina mbili, iliyo bapa na iliyopinda, kutegemea PX yako ni ya kabla au baada ya mabadiliko ya katikati ya miaka ya 80, na haziingiliani. Muuzaji atakwambia "zote za PX, dada". Nenda na ya zamani mkononi. Ya Italia na ya India zote zinapatikana. Fundi alinishauri hela yangu niiweke ya Italia kwenye mikono na gurudumu, na sili na gasketi nichukue za India bila wasiwasi. Sili zote zilibadilishwa, pamoja na ile ya kwenye tairi la nyuma, ambayo ilikuwa inavujisha oili hadi kwenye breki. Mimi nilikuwa nailaumu breki.

Sasa malalamiko. Simu hapokei. Ukimuuliza lini, ni "kesho inshallah", na kesho hiyo ina watoto wengi. Gurudumu la gia ilibidi liagizwe Dar, likaja na boti, na wakati wote huo injini yangu ilikaa juu ya kadibodi kwenye vumbi, imefunikwa kanga kuukuu. Aliiosha yote kwa petroli kabla ya kuifunga, nilishuhudia, lakini roho yangu haikutulia. Risiti nimeiomba hadi nikaona haya. Na kwenye gasketi alipaka gundi nyingi kuliko ninavyopenda. Imetokeza nje, inaonekana.

Ufundi alichukua laki moja na nusu, spea ni juu yako. Si rahisi. Lakini gia ya pili imekaa, hata nikikoleza nikiwa na mzigo. Frii ikishapata moto inatafutwa kidogo; nilimrudia, akauvuta waya wa klachi, ikawa nzuri. Hakudai kitu.

Oili ametia mililita 250 za SAE 30 ya kawaida, na akanionya na wanaotia oili ya difu ili kuzima kelele: klachi ya Vespa inaogelea humo humo, oili nzito inaifanya isiachie. Alitaka oili hiyo ya kwanza imwagwe baada ya kilomita 500. Nilikirudisha chombo, beseni jeupe likatoka tena, oili ikatoka safi.

Mwenye skuta ya automatiki asijisumbue, fundi hagusi mikanda. Mwenye haraka pia. Ukienda, nenda asubuhi, Ijumaa hafungui mpaka watu watoke msikitini, na spea za zamani umwambie mapema kwamba unazitaka, la sivyo zinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.