Wiki kumi za kujifunza kuigiza: uzoefu wangu nikiwa mchora katuni

Kwa miaka sita nimekuwa nikitengeneza filamu za katuni, na muda wote huo niliamini kwamba kazi yangu ni kuchora vizuri. Wahusika wangu walitembea sawasawa, miguu haikuteleza sakafuni, nguo zilipepea inavyotakiwa. Siku moja mwongozaji niliyekuwa nafanya naye kazi aliangalia kipande changu mara tatu, akasema, "Anasogea, ila hayupo." Maneno hayo yalinikaa rohoni. Ndiyo yaliyonifanya nijiandikishe kwenye kozi ya uigizaji iliyokuwa ikipokea watu wa aina tatu katika darasa moja: waigizaji wa jukwaani, walimu wa shule na sisi wa uhuishaji. Wiki kumi, vipindi viwili kwa wiki, saa tatu kila kipindi. Nimemaliza mwezi uliopita, na naandika haya kwa ajili ya yeyote anayefikiria kujiunga na kozi ya namna hii.

Siku ya kwanza mwalimu alinisimamisha mbele akaniambia niingie nikiwa na huzuni. Nikainamisha kichwa, nikalegeza mabega, nikashusha pumzi. Akaniacha nimalize. Kisha akanipa shati, sindano, uzi na kifungo. "Shati ni la mdogo wako," akasema. "Ana usaili baada ya nusu saa na hana jingine. Tunga uzi."

Uzi ulikuwa umechanika ncha. Nikaulowesha kwa ulimi, nikaufinya kwa kucha, nikafumba jicho moja. Ulipokaribia tundu nilibana pumzi bila kujua. Ukapita pembeni. Nikaangalia mlangoni, kana kwamba mdogo wangu yupo pale anasubiri. Nikajaribu tena. Darasa zima lilinyamaza. Nilipomaliza, dada mmoja mwalimu wa darasa la tatu alisema, "Sasa hivi ndiyo nimekuonea huruma." Na mimi nilipokuwa na sindano mkononi sikuiwaza huzuni hata kidogo. Niliuwaza uzi.

Hilo ndilo fundisho kubwa la kozi nzima, na ningelipa ada yote kwa ajili ya siku hiyo peke yake. Hisia haiigizwi. Kinachoigizwa ni kutaka kitu, na hisia hufuata nyuma yake. Kila kipindi tuliulizwa maswali yaleyale: unataka nini, kutoka kwa nani, nini kinakuzuia, utafanyaje ukipate. Chimbuko lake ni Konstantin Stanislavski, mmoja wa waanzilishi wa Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, ambaye miaka yake ya mwisho alikazania matendo ya mwili kuliko kuchokonoa hisia. Mwalimu wetu alitudai kitenzi kwa kila sentensi ya igizo. "Nimekasirika" hakukipokea. Alitaka kumtisha, kumpima, kumbembeleza, kumzubaisha, kumsuta.

Hapa niligundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria kuhusu lugha yetu. Ukisema "kumbembeleza", yule mtu mwingine tayari yumo ndani ya kitenzi. Huwezi kukitamka bila kumgusa. Ukisema "kuhuzunika", uko peke yako. Tangu siku ile nikichagua kitenzi cha mhusika nakisikiliza kwanza: kama hakina mtu ndani yake, nakiacha natafuta kingine. Sijui kipimo kingine kinachofanya kazi haraka namna hii.

Wiki ya tatu na ya nne tulifanya zoezi la kurudia maneno alilolibuni Sanford Meisner, mwalimu wa waigizaji wa New York. Watu wawili mnakaa uso kwa uso. Mmoja anasema anachokiona kwa mwenzake, mwingine anarudia, na mnaendelea hivyo bila kubadilisha sentensi mpaka kitu cha kweli kibadilike kati yenu. Nilipangwa na yule dada mwalimu. "Umekunja mikono." "Nimekunja mikono." "Umekunja mikono." "Nimekunja mikono." Dakika mbili za mwanzo niliona tunapoteza muda. Baadaye sauti yake ikashuka, nikaona macho yake yamehama kutoka mikononi kwangu kwenda usoni, nami nikaikunjua mikono kabla sijaamua kuikunjua. Akacheka, akasema, "Umeikunjua." Kilichonigusa ni mpangilio: mwili ulijibu, akili ikafuata. Katika michoro yangu ilikuwa kinyume. Mhusika alisikia, akasubiri kwa heshima, ndipo akageuka kama mtu anayeitwa kwenye foleni.

Kwa walimu kozi hii ina faida ambayo wengi wao hawakuitegemea. Tulifanya mazoezi ya hadhi, yaani namna mtu anavyoonekana wa juu au wa chini mbele ya wenzake, yanayotokana na kazi ya Keith Johnstone, mwalimu wa uigizaji wa papo kwa papo: mtu anayetuliza kichwa akiongea huonekana wa juu, anayejigusagusa uso na kuanza sentensi mara mbili huonekana wa chini, na hadhi inaweza kupandishwa au kushushwa kwa makusudi ndani ya dakika moja. Dada yule alirudi wiki iliyofuata akatusimulia. Zamani watoto wakipiga kelele alipandisha sauti. Safari hii alishika chaki, akaandika neno moja ubaoni polepole, akalitazama kama mtu aliyeona kitu cha ajabu, na hakugeuka. Darasa likanyamaza mstari baada ya mstari. "Nilikuwa nataka wanyamaze," alisema. "Jana nilitaka waone ninachokiona." Kitenzi kimebadilika, na darasa likabadilika nacho.

Kwa upande wangu, wiki iliyonilipa zaidi ni ile ya mwili. Tulianza na kinyago kisicho na hisia yoyote, mbinu iliyojulikana kupitia shule ya maigizo ambayo Jacques Lecoq aliifungua Paris mwaka 1956. Uso ukifunikwa huna pa kujificha. Kiwiliwili kinasema kila kitu. Kisha tukaingia kwa Rudolf Laban, mtaalamu wa dansi aliyechambua mwendo kwa uzito, muda na nafasi. Mwendo ni mzito au mwepesi, wa ghafla au wa taratibu, wa moja kwa moja au wa kuzungukazunguka. Ukichanganya hayo unapata matendo manane: kukandamiza, kupiga ngumi, kukamua, kufyeka, kuteleza, kuelea, kudonoa na kukung'uta. Tulifungua mlango uleule kwa namna zote nane. Anayeufungua kwa kukamua na anayeufungua kwa kudonoa ni watu wawili wenye maisha tofauti, na hakuna aliyekuwa amesema neno. Nimebandika maneno hayo manane juu ya meza yangu ya kuchorea.

Sasa niseme yaliyoniudhi, maana yapo.

Sauti ilipewa wiki moja tu. Pumzi, kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu), matamshi, kutupa sauti bila kuumiza koo, yote ndani ya vipindi viwili. Kwa mwalimu anayeongea saa tano kwa siku hilo ni kosa, na waigizaji wa jukwaani walilalamika waziwazi. Video tulizotuma kama kazi ya nyumbani zilijibiwa zikiwa zimepoa. Moja nilijibiwa baada ya siku kumi na sita, wakati tumeshaingia mada nyingine.

Lililoniuma zaidi ni la wiki ya sita. Mkufunzi mgeni alitufanyisha kumbukumbu ya hisia, yaani kuurudia moyoni msiba wako wa kweli ili ulie jukwaani. Kijana mmoja alilia kweli, na mkufunzi akampongeza, akaendelea na mwingine. Kijana alibaki amekaa pembeni akitetemeka mpaka sisi wenzake tulipomfuata. Siikatai mbinu yenyewe, kuna waigizaji wakubwa waliojengwa nayo. Nakataa kumfungua mtu kidonda bila kumpa namna ya kukifunga. Ukijiunga na kozi yoyote ya uigizaji, uliza kabla: mazoezi ya aina hii yanasimamiwa vipi, na je, mtu anaruhusiwa kusema hapana? Mwalimu wetu mkuu alipoambiwa aliomba radhi mbele ya darasa, na kwa hilo nampongeza.

Baada ya kozi nilipewa kipande cha sekunde nne: mzee anafika mlangoni kwa mwanawe ambaye hawajasemezana muda mrefu. Kwa fremu 24 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazopita kwenye skrini, hizo ni fremu 96. Ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili unabaki na michoro 48. Zamani ningeanza na uso wake, nyusi na mikunjo. Safari hii niliweka penseli chini, nikasimama mbele ya mlango wa chumba changu, nikajirekodi kwa simu. Kitenzi changu cha kwanza kilikuwa kumwomba. Nikarudia mara tano, kikawa kizito mno. Nikabadilisha kikawa kumchungulia. Mara ya tisa mkono wangu uliinuka kubisha, ukasimama, vidole vikarekebisha kola ya shati kwanza. Sikupanga. Nilichora hicho: macho yanatangulia, kichwa kinafuata, mkono unainuka, unasita kwa michoro sita, unakwenda kwenye kola. Uso karibu sikuugusa.

Mwongozaji yuleyule alikiangalia mara moja, akauliza, "Kwa nini anaogopa kubisha?" Alikuwa anamuuliza mzee habari zake, si mimi habari za mchoro.

Naipendekeza kozi hii kwa moyo wote kwa wachora katuni na walimu. Mwigizaji mwenye uzoefu ajue atavuka vipindi viwili vya mwanzo akirudia anayoyajua. Vaeni nguo za kujinyoosha, na msikose wiki ya kinyago hata mkiugua mafua. Awamu ya pili inaanza karibuni. Nimewaandikia nikaomba sauti ipewe wiki tatu. Wamejibu itapewa mbili. Nimeshajiandikisha.