The Price Is Right: nyota nne, moja nimeikata kwa sababu ya kodi

Anayetaka kipindi cha kukuna kichwa atakerwa na The Price Is Right, mchezo wa televisheni ya Marekani wa kukisia bei za vitu, ndani ya dakika mbili. Jukwaa limejaa rangi za pipi, na watu wazima wenye fulana za sare wanarukaruka na kupiga mayowe kwa kuonyeshwa mashine ya kufulia. Mimi nakipa nyota nne.

Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Columbus, Ohio. Ikifika saa tano asubuhi, pale sebuleni hakuna anayetaka kusikia habari za mazoezi ya viungo. Ni kituo cha CBS tu, kinachokirusha. Kuna mzee mmoja majina ya wanawe humpotea, lakini zamu ya mshiriki wa nne ikifika huinuka kwenye kiti: "Dola moja! Sema dola moja!" Na mara nyingi yuko sahihi. Washiriki wanne hutaja bei ya kitu, anayeikaribia bila kuizidi ndiye anayepanda jukwaani. Kwa hiyo wa mwisho, akiona wenzake wote wamepaa, anataja dola moja na kuwazoa. Au anaongeza dola moja juu ya bei ya jirani yake, na jirani ananuna waziwazi mbele ya kamera. Wazee wangu hapo ndipo hucheka mpaka wakohoe.

Mimi ni mtoto wa Dar. Kariakoo bei ni mazungumzo: unatajiwa elfu thelathini, unajifanya unaondoka, unaitwa "njoo basi, sema yako". Huku bei haishuki, imefichwa tu, na wewe unatakiwa uwe unaijua. Hakuna anayekuuliza mji mkuu wa nchi fulani wala mwaka wa vita fulani. Wanauliza kopo la supu ni kiasi gani. Mama aliyebeba kikapu cha nyumba yake miaka arobaini anamgaragaza profesa, na nadhani hilo ndilo limekiweka hewani tangu Septemba 1972 (cha kwanza kabisa kilianza 1956, ila hicho wanaokikumbuka wanahesabika). Bob Barker alikiendesha miaka 35, akamwachia Drew Carey mwaka 2007. Wapo wazee hapa ambao Carey kwao bado ni "yule mgeni".

Utamu wenyewe ni Plinko, iliyoanza 1983. Mshiriki anapanda ngazi, anaachia kisahani kwenye ubao uliojaa vigingi, kinadunda huku na huku kikishuka. Tundu la katikati lina dola 10,000. Yanayopakana nalo, kulia na kushoto, yote ni sifuri! Aliyeipanga hiyo alikuwa na roho mbaya, na ndiyo maana hakuna anayekwenda chooni wakati wa Plinko. Lile gurudumu kubwa ambalo washiriki hulizungusha nalo si baya, lina namba za senti 5 hadi dola moja. Lisipomaliza mzunguko mzima, ukumbi unakuzomea.

Mwaka 2008 mshiriki mmoja, Terry Kniess, alitaja bei ya zawadi za mwisho kuwa dola 23,743, kamili bila kukosea hata dola. Yeye na mkewe walikuwa wamekaa wakikariri bei, maana vitu vilikuwa vinajirudia. Kwangu mimi huyo alisoma, akafaulu.

Sasa kero. Matangazo ya dawa hayaishi, na madhara yake yanasomwa kwa sauti ya harusi. Halafu hiyo boti unayoshangilia ina kodi ya mapato, ya serikali kuu na ya jimbo la California pia, kinakorekodiwa kipindi, nawe unalipa kwa fedha taslimu, si kwa kipande cha boti. Hilo jukwaani halitajwi.

Ukiwa mapumziko siku ya kazi, kitazame, ikiwezekana na mtu aliyezidi miaka sabini. Wakileta ule mchezo wa kijisanamu kinachopanda mlima kikiimba, kabandike chai. Ukirudi ama kimeshadondoka ama mtu kashinda.