TAHADHARI: Anayeuza Weber DCOE "orijino za Italia" anatoa nakala zilizozeeshwa

Wakuu, kama unafufua Alfa Romeo Giulia au Lotus Elan, au umepanga kuifungia Datsun 240Z yako kabureta tatu za pembeni, soma hapa kabla hujatuma hela. Kuna jamaa anauza kabureta za Weber aina ya 40 DCOE na 45 DCOE akizinadi kwamba ni za Italia, zimetolewa kwenye magari ya enzi hizo, zimefanyiwa ukarabati na kazi iliyobaki ni kufunga tu. Uongo mtupu. Seti kadhaa za wenzetu zimepita mezani kwangu kwa ajili ya kusafishwa na kusetiwa, na kila iliyotoka kwake ni nakala mpya iliyozeeshwa kwa makusudi.

Jina simtaji, maana anayo mengi. Akaunti ikichafuka anafungua nyingine na biashara inaendelea. Mtambue kwa mwendo wake. Tangazo lina picha ya kabureta mbili juu ya kitambaa cha kijani, rula ya chuma pembeni, mwanga ukitokea kushoto. Kabureta za kwenye picha ni za kweli kabisa, ndiyo maana hata wazoefu wanaingia. Zinazofika kwenye boksi ni nyingine. Ukimwomba picha ya upande wa chini, au ya ndani kifuniko kikiwa kimefunguliwa, anasema mzigo ameshaufunga kwa safari. Halafu anatokea mteja wa pili asiyeonekana, yuko njiani na hela mkononi, ila kwa kuwa wewe ndiye uliyetangulia atakushikia ukitoa arubuni leo hii. Bei yake nayo ameipima vizuri. Angeuza bei ya kutupa mngeshtuka. Yeye anashusha kidogo tu, kiasi cha mtu kujiona amebahatika.

Kwa wageni wa mambo haya: Edoardo Weber alianzisha kampuni yake Bologna, Italia, mwaka 1923, na baadaye utengenezaji ukahamia Hispania. Za Hispania ni Weber halali na zinafanya kazi vizuri, lakini mtu anayetaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani anatafuta za Bologna na yuko tayari kulipa zaidi. Tofauti hiyo ya bei ndiyo inayomlisha huyu bwana.

Sasa nieleze nilichokiona, kwa sababu kusema "ni feki" peke yake hakumsaidii mtu.

Jozi ya mwisho ilikuja na rangi ya kijivu iliyofifia, ukungu mweupe kwenye pembe na skrubu zenye kutu ya wastani. Kwa macho, safi. Nikapitisha kitambaa chenye thina, uzee wote ukabaki kwenye kitambaa. Chini yake aluminiamu inang'aa, na kwenye kona za ndani bado kuna chembe za mchanga wa kalibu ambazo hakuna aliyejisumbua kuzitoa. Mchanga huo mkitaka kujua unaelekea wapi, ni kwenye njia za petroli.

Juu ya bodi imegongwa 40 DCOE 18. Hiyo ndiyo aina iliyofungwa kwenye Elan za mwanzo, kwa hiyo mwenye Elan akiiona mate yanamtoka. Herufi zimegongwa moja moja kwa mkono, na ile 8 imelala upande. Lakini herufi mtu anaweza kubishana nazo, vishimo hawezi. Juu ya kila koo la kabureta (tundu la kupitishia hewa, kila DCOE ina mawili) kuna skrubu ndogo ya shaba; ukiitoa na kumulika tochi unaona vishimo vinavyolisha injini pale unapoanza kukanyaga mafuta, kabla jeti kuu (kipande chenye tundu dogo linalopima petroli) haijachukua kazi. Idadi na mahali pa vishimo hivyo ndiko kunakotofautisha aina moja ya DCOE na nyingine. Kwenye hii, koo la kushoto lina vitatu na la kulia lina viwili, ndani ya kabureta ile ile. Ukiwa na kabureta mbili kwenye injini ya silinda nne, kila silinda inakula kwenye koo lake. Matokeo yake gari linamisi kwenye mwendo mdogo, silinda moja inasuasua, na fundi anabadilisha plagi, waya na kondensa bila mafanikio kwa sababu ugonjwa haupo huko.

Kilichonitisha zaidi ni jeti. Namba kwenye jeti kuu ya Weber ni kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita, yaani 120 ni milimita 1.20. Nikachukua pini za kupimia. Jeti mbili, zote zimeandikwa 120: moja ikapitisha pini ya 1.20 na kubaki na nafasi, nyingine ikakataa hata ya 1.10. Silinda inayolishwa na hiyo ya pili inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Mjini hutagundua chochote. Ukiingia barabara ndefu na kukanyaga hadi mwisho, joto linapanda, vali inaungua au pistoni inatoboka, na hapo gharama ya kabureta inakuwa ndiyo ndogo kuliko zote.

Shafti za vipepeo nazo, yaani zile sahani zinazofungua na kufunga koo. Kwenye DCOE shafti inazunguka juu ya beringi, unaisukuma kwa kidole inarudi yenyewe bila kukwama. Hizi zinakwaruza, na kipepeo kimoja hakifungi sawasawa ukutani, kwa hiyo sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka hata ukiirekebisha mpaka usiku.

Halafu kuna hili la moto, na naomba wenye Elan walisome mara mbili. Weber za aina hii zinataka presha ndogo ya petroli, kama psi 3 hivi (psi ni kipimo cha presha). Nilipozipima juu ya meza, vali ya sindano ya kabureta moja, ile inayozuia petroli bakuli likijaa, ilishindwa kushika hata chini ya hapo; petroli ikapanda ikafurika na kumwagika. Kwenye injini ya Lotus Twin Cam, ile ya Elan, distribyuta imekaa chini ya kabureta. Petroli inadondokea penye cheche. Na bodi ya Elan ni faiba, inaungua.

Sina ugomvi na nakala zenyewe. Zipo zinazouzwa wazi kama nakala, bei yake inajulikana, na mtu mwenye subira akibadilisha jeti, sindano na beringi anaweza kuziendesha. Huyu anachukua kitu hicho hicho, anakipaka uzee, anakigonga namba ya Lotus na kukuuzia kama historia.

Ukilalamika, majibu yake yana mpangilio. Kwanza fundi wako ndiye aliyeziharibu. Pili, ukishafungua kifuniko hakuna kurudisha (sijui kabureta inafungwaje bila kufunguliwa). Tatu, atarudisha sehemu ya hela ukimwandikia kwanza sifa nzuri. Mwenzetu mmoja aliambiwa arudishe mzigo kabla ya kurudishiwa pesa. Akaurudisha, na tangu siku hiyo simu haipokelewi. Kwa hiyo usirudishe chochote nje ya utaratibu wa malalamiko wa benki au wa jukwaa ulilolipia. Huo mzigo ndio ushahidi wako.

Kwa wanaotaka kununua DCOE kwa mtu yeyote, siyo huyu tu: mwambie aandike kwenye karatasi neno utakalomchagulia wewe, ailaze pembeni ya kabureta na apige picha. Afungue kile kifuniko cha duara chenye nati ya masikio, hata bisibisi haihitajiki, achomoe jeti na kuzipanga juu ya karatasi hiyo hiyo. Muuzaji mwenye mali hilo halimchukui hata robo saa. Tafuta picha za tangazo kwa njia ya kutafuta kwa picha. Zile za kitambaa cha kijani nilizikuta kwenye matangazo ya zamani ya mtu mwingine kabisa. Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai pesa, usikubali ile ya kumtumia kana kwamba ni ndugu au rafiki, kwa sababu hiyo haina kinga. Na boksi likifika, washa video kabla hujakata utepe, lebo ya usafirishaji ionekane.

Kuna jambo jipya tena. Ameanza kutangaza vibati vya namba za chasisi, eti kwa ajili ya wenye magari yaliyopoteza kibati chake. Kimoja alichokionyesha ni cha gari la 1967 na kina herufi na namba 17. Mfumo wa 17 ulianza na magari ya mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake, na namba zilikuwa fupi. Hata uchongaji wa uongo hajaufanyia kazi ya nyumbani. Ila msicheke sana, kwani kibati cha namna hiyo kikipatikana kwenye gari lako, nchi nyingi zitalishikilia gari na wewe utakuwa na maelezo ya kutoa polisi. Magari ya wizi yanasafishwa hivi hivi. Kibati kikipotea, nenda kwa mamlaka ya usajili ukiwa na namba iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe.

Ambao tayari mmeshafunga kabureta zake: zima gari, msiliwashe mpaka vali za sindano na urefu wa floti (boya la ndani ya bakuli la petroli) vimepimwa. Msitegemee harufu ya petroli kuwaonya, boneti ikifungwa huisikii mapema. Toeni jeti zote mnunue mpya kutoka kwa wakala anayejulikana. Hata kama bodi mtaamua kuendelea nayo, jeti zile hazifai.

Na mkiamua kuziondoa, tafadhali zisirudi sokoni kimyakimya. Chukueni herufi za chuma, gongeni NAKALA juu ya ile 18, kisha ndiyo muuze kwa bei ya nakala.