Walitia mrututu kwenye tangi la matumbawe, kisha wakaniambia ni joto la Kampala

Nimejizuia kuandika haya kwa wiki kadhaa. Leo asubuhi nimeokota konokono mwingine mchangani, ganda tupu, nikaona hapana, lazima niseme.

Duka silitaji jina. Wafugaji wa samaki wa maji ya chumvi Kampala tunahesabika, wenye kulijua watalijua. Walinitengenezea tangi la lita 200 hapa kwangu Bugolobi, na wakachukua mkataba wa kuja kulihudumia kila mwezi. Tangi lenyewe ni kazi safi, haki ya Mungu. Halijavuja hata tone, gundi imelala sawasawa pembe zote nne. Hilo nawapa, na mtu akitaka tangi la ngege au la samaki wa mapambo wa maji baridi, aende tu.

Ila ukiwa na matumbawe, usimruhusu mtu wao hata kufungua kifuniko.

Ilianza na samaki. Waliota vidoadoa vyeupe kama punje za chumvi, nikapiga simu dukani. Fundi akaja mimi niko kazini, dada wa nyumbani akamfungulia. Niliporudi jioni kila kitu kilikuwa kimya na kisafi, nikashukuru. Baada ya siku mbili nikamkuta kamba wangu, yule mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, amelala ubavu. Halafu konokono wakaanza kuachia kioo mmoja mmoja na kudondoka. Matumbawe madogo ya vifundo yakafumba na kukataa kufumbuka hata taa ikiwaka mchana kutwa. Mwisho likafuata lile la minyiri mirefu, ambalo nilikuwa nakaa mbele yake kila jioni kabla sijavua viatu. Minyiri ilinywea, kisha nyama ikaanza kuchunika kutoka kwenye mfupa vipande vipande, ikaelea majini kama ukoko wa uji. Harufu yake ukiinua kifuniko sitaisahau.

Nikapima kila nilichoweza. Joto nyuzi 25.5. Chumvi 1.025. Ualkali 8.5. Naitreti ilikuwa ya kawaida. Nilirudia ualkali mara tatu, nahesabu matone mpaka maji yanapogeuka kutoka bluu kuwa manjano, nikidhani mkono wangu umekosea. Haukukosea.

Nikaenda dukani na picha kwenye simu. Mwenye duka hakuzitazama hata sekunde tano. "Nyabo, ni joto la Kampala. Taa yako pia ni kali. Nunua feni na taa hii mpya." Nikamwambia kipimajoto kinasoma 25.5 asubuhi na jioni, na usiku hapa Kampala bila hita maji yangepoa kupita kiasi. Akacheka, akawageukia wateja wengine: "Hawa si wa kwenu, nyabo. Wewe fuga ngege."

Si wa kwetu! Mimi ni mzaliwa wa Msambweni, pwani ya Kenya. Baba yangu mdogo ni mvuvi, na mwaka 1998, maji ya pwani yetu yalipopata joto la El Niño na matumbawe yakapauka, alikuwa akirudi nyumbani anatueleza alichokiona chini ya ngalawa. Ninajua tumbawe lililochomwa na joto linavyokuwa. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake wanaishi mwani wadogo sana wanaolipatia rangi na sehemu kubwa ya chakula. Joto likizidi, tumbawe huwafukuza, likabaki jeupe, lakini nyama bado ipo juu ya mfupa. Ukilitazama kwa karibu unaiona, imekuwa kama kioo. Maji yakipoa mapema linaweza kupona. Langu halikupauka. Lilichunika likiwa na rangi yake. Na joto gani hilo linaloua kamba na konokono kwanza huku samaki wanakula na kucheza? Anayeuza matumbawe alipaswa kuliuliza hilo kabla ya kunionyesha feni.

Jibu alinipa dada wa nyumbani, bila hata kujua kwamba ni jibu. Tulikuwa tunaosha vyombo, akasema, "Mama, lakini yule fundi alitia dawa. Ya bluu, ile ya kahawa." Kwao ni Mbale, nyumbani wanalima kahawa, rangi ya mrututu anaijua tangu utotoni. Nilikaa chini pale pale jikoni.

Mrututu ni shaba. Dawa za shaba kweli huua vidudu vya madoa meupe, vinapokuwa vinaogelea majini kutafuta samaki wa kumshika. Lakini hutiwa kwenye tangi la pembeni, walikohamishiwa samaki peke yao, kwa sababu dozi inayomponya samaki ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe. Kipimo cha shaba sikukipata hapa mjini, nikaletewa kwa basi kutoka Nairobi. Kilisoma miligramu 0.15 kwa lita, na hapo nilikuwa nimeshabadilisha maji mara mbili. Kwenye tangi la matumbawe kinatakiwa kisome sifuri.

Nikarudi na chupa ya kipimo mkononi. Mwenye duka alikitazama, akasema maneno ambayo mpaka leo yananiamsha usiku: "Lakini samaki si wamepona?"

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba fundi hana kosa, ni kijana, alitumwa na chupa isiyo na maandishi. Nimefuta, nikaandika tena. Jumapili alikuja mwenyewe kwa boda, bila kutumwa, na mkaa wa kuchujia na ile pedi inayogeuka bluu ikinyonya shaba. Alinisaidia kutoa mawe mpaka magharibi, akasema, "Mama, sikujua." Ninamwamini. Lakini mtu anayeingia kwenye nyumba za watu kutibu viumbe anawezaje kutojua? Nani alimpa ile chupa?

Mawe na mchanga ndiyo hasara kubwa zaidi. Hunyonya shaba na kuirudisha majini kidogo kidogo, kwa hiyo nimeyatupa yote, mawe niliyoyalea miaka miwili. Nimeanza na mapya. Mkataba nimeuvunja, na pesa ya mwezi huo nimeidai kwa maandishi. Sijajibiwa.

Nilipanga kuwapa nyota mbili kwa ajili ya kioo. Nikikumbuka kile kicheko mbele ya wateja, ninawapa moja. Kijana, kama ataondoka pale akajifunze kwa mtu anayejua, nitamwita tena kwangu.

Vifundo vitatu nilivihamishia kwenye ndoo ya maji mapya yenye pampu na hita. Jana kimoja kilifumbuka nusu.